Neno Nililomsingizia Sheikh

Yasir alinipigia simu nikiwa kazini Hockley, hapa Birmingham, kwenye karakana tunakong'arisha vishikizo vya milango. Nilivua glavu nikatoka uani.

"Mama mdogo, mama kafariki," alisema. "Nimemkuta kwenye kiti. Watu wa ambulensi wanasema ni moyo."

Nikasema inna lillahi. Kisha nikauliza, "Mbwa alikuwa wapi?"

Ndilo lilikuwa swali langu la kwanza juu ya Mwatima, dada yangu wa tumbo moja, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki Pemba. "Alikuwa miguuni kwake," akajibu Yasir. "Alikuwa anamlamba mkono."

Dada alinizidi miaka tisa. Aliachishwa shule darasa la tano ili anilee, nami nikasoma mpaka kidato cha nne. Huku alifanya usafi hospitali miaka kumi na minane, akipanda basi la alfajiri kutoka Kingstanding, mpaka magoti yakamshinda. Tofi, mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, aliletwa nyumbani na Yasir. Yasir alipopata kazi Leeds, akapanga chumba kisichoruhusu wanyama, mbwa akabaki kwa mama yake. Dada alimtandikia jikoni. Nguo zake za kusalia alizifunga kwenye mfuko juu ya kabati, mbwa asizifikie.

Jirani yake, Narinder, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya mtaani. Ndiye aliyemwambia kwamba wako watoto wanaoogopa kusoma mbele ya watu, lakini mbwa humsomea. Basi Tofi akapimwa tabia na wakaguzi. Wakamvuta masikio, wakaangusha sufuria nyuma yake, naye akapiga miayo. Akafaulu. Kila Jumanne dada alikaa kwenye zulia la maktaba ya shule, Tofi kalala ubavuni, na watoto wakaja mmoja mmoja na vitabu vyao, kila mmoja dakika kumi.

Jioni alikuwa akinipigia. "Leo mmoja kamwonyesha Tofi picha ya paka. Tofi kageukia ukutani."

"Na wewe wafanya nini hapo, na Kiingereza chako cha kuombea maji?"

"Ndiyo maana twaelewana. Mtoto akikwama, na mimi nimekwama, Tofi kalala. Hakuna wa kumcheka mwenziwe. Wewe wa form four, njoo Jumanne moja utusikilize."

"Form four yangu haikuwa ya mbwa, dada."

Alicheka. Aliniomba mara nne au tano. Sikwenda hata mara moja.

Siku moja alinipigia analia kwa furaha. Iman, mtoto wa miaka sita, binti wa Waislamu wenzetu, alikuwa hajatoa sauti darasani mwaka mzima. Siku hiyo alimsomea Tofi ukurasa mzima, kwa kunong'ona, mdomo karibu na sikio lake. Nilimjibu, "Alhamdulillahi," nikabadilisha mazungumzo.

Mimi nilikuwa naona haya. Kwenye darsa yetu ya wanawake, Stechford, Mwanakhamis aliniuliza mbele ya wote, "Hajambo dada yako wa mbwa? Yeye na mbwa wasoma Yasini pamoja?" Wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wao. Wiki hiyohiyo, Idd ikiwa karibu, nikampigia dada.

"Nimemuuliza Sheikh Rashad," nikamwambia. "Kasema anayefuga mbwa asiingie nyumba inayosaliwa. Na mtoto wa Kiislamu asikae naye karibu."

"Sheikh mwenyewe kasema?"

"Mwenyewe."

"Basi. Kama sheikh kasema."

Sikuwa nimemuuliza sheikh chochote. Hata namba yake ya simu sikuwa nayo. Dada hakubisha kwa sababu msomi alikuwa mimi. Idd mbili hakuja kwangu. Ya pili alimpa Yasir bakuli la visheti aniletee. Nilipofunga mlango nilivitupa, kisha nikampigia kumwambia kuwa ni vitamu.

Jioni ya siku aliyofariki nilikwenda msikitini kumwona Sheikh Rashad. Ilibidi nijue namna ya kumwosha, na hiyo ndiyo ikawa mara yangu ya kwanza kumuuliza.

"Manyoya makavu kwa ngozi kavu hayahamishi najisi," alisema. "Palipolowa mate, osheni mara saba, moja iwe ya maji yenye udongo. Kisha mwosheni kama maiti yeyote. Ni jambo dogo, mama."

Nikamweleza nililomsingizia. "Haki yangu mimi nimekusamehe," akasema. "Ya dada yako si yangu kusamehe."

Kesho yake Narinder alikuja kuhani nyumbani kwa dada, Kingstanding. Alinishika mkono, akaniambia kwamba dada mwenyewe ndiye aliyemfuata mama yake Iman shuleni kumweleza alivyosema sheikh, maana hakutaka kumficha Muislamu mwenziwe. Mama yule akamtoa mtoto. Dada aliendelea na wengine, lakini Iman hajasoma kwa sauti tena mpaka leo.

"Alisema dada yake kasoma, tena kauliza kwa sheikh," Narinder aliniambia. "Alijivunia sana wewe."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta vikombe.

Karatasi za serikali zilichukua siku tatu. Tulipoingia kumwosha tulikuwa wanawake wanne, Mwanakhamis akiwa mmoja wao. Alinivuta kando karibu na mlango.

"Huyu twamwanzaje, na mambo ya mbwa? Sheikh si alikataza?"

Uongo wangu ulikuwa umemfikia na yeye. Ningeweza kuitikia tu kwa kichwa, yakaishia hapo.

"Sheikh hakukataza kitu," nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nilizua mimi. Nilikuwa naona haya mbele yenu, nikamzuia ndugu yangu asiingie kwangu kwa jina la dini."

Mwanakhamis alikwenda kufungua bomba, akajaribu maji kwa kiganja. "Yasiwe baridi," alisema. Baada ya muda akaongeza, bila kunitazama, "Mama yake Iman namjua. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

"Nitamwambia."

Mkono wa kulia wa dada, ule aliolamba Tofi, niliuosha mimi, mara saba, kama nilivyoelekezwa. Kisha tukamtawadhisha, tukamwosha mwili mzima, tukamkausha, tukamvisha sanda. Kabla ya kufunika uso niliinama sikioni kwake nikamwomba radhi. Sijui kama niliipata. Namwomba Mungu anijaalie.

Aliswaliwa baada ya adhuhuri. Makaburini sisi wanawake tulisimama njiani. Yasir na wanaume wawili waliingia kaburini kumpokea, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, akielekea kibla. Walifukia kwa zamu. Sheikh Rashad alisoma talkini, kisha dua, nasi tukaitikia amina. Wanaume walipoondoka nilisogea nikachuchumaa upande wa kichwa, nikamwombea. Yasir alinisubiri kando. Nilipomaliza alinishika mkono akaniinua, tukaenda garini.