Tele Iliyopimwa Kutoka Mkekani

Tarehe sita ya mwezi wa pili, asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda sokoni, nilimpoteza mume wangu. Tumbo lilimkaza siku mbili. Siku ya tatu tulimpeleka hospitali juu ya baiskeli, na kabla jua halijapanda alikuwa amekwisha kufa. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka kumi na moja. Nyumba yetu hapa Kasongo aliijenga yeye, kwa matofali mabichi aliyoyafyatua kwa mikono yake. Mimi nilichota maji ya kukandia udongo. Sina karatasi inayosema hivyo.

Naandika habari ya televisheni kwa sababu watu wanaisimulia vibaya. Wengine wanasema nilimfukuza shemeji yangu. Wengine wanasema nilimtega. Nitaandika ilivyokuwa.

Kwetu mume akifa, viti vyote vinatolewa nje. Wafiwa wanakaa chini, na mjane anapewa mkeka wake karibu na ukuta, pale maiti ilipolazwa. Anakula pale, analala pale. Akiwa juu ya mkeka haulizwi neno kubwa. Siku ya kuondoa matanga, shangazi wa marehemu anamshika mkono na kumwinua, na hapo ndipo jamaa wanamwuliza kama anakubali kurithiwa. Katekista wetu haipendi desturi hiyo na amehubiri mara nyingi, lakini katekista siye anayegawa nyumba.

Mume wangu alikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume, mdogo wake. Nikikubali, ningebaki nyumbani na binti zangu wawili, niwe mke wake wa pili. Nikikataa, ningerudi kwa mama yangu kule Wamaza, na nyumba pamoja na watoto vingebaki kwa jamaa yao. Swali hilo nililijua tangu siku ya kwanza ya kilio. Nikisema kwamba sikuwa na jibu nitakuwa nadanganya. Jibu nilikuwa nalo. Ila sikuweza kulitamka bila kuwatoa watoto wangu mkononi.

Shemeji si mtu mbaya. Anafanya biashara ya dhahabu Salamabila, na katika miaka yote hajanitukana. Lakini nikimwona naona meno ya mume wangu katika kinywa cha mtu mwingine, na siwezi.

Juma la tatu la matanga alikuja na televisheni kubwa, ile bapa ya kutundika ukutani. Aliifunga kwa godoro na kamba akaileta juu ya pikipiki, pamoja na plake ya jua, ile ya kuvuta umeme, na batri. Alisema wageni wanachoka kukaa wakitazamana tu, na kwamba marehemu alipenda mpira. Shangazi wa marehemu, aliyekuwa anakaa nami, akasema ni vizuri. Mimi sikuulizwa. Lakini nilielewa. Mgeni huegemeza mzigo wake ukutani na siku ya kuondoka anauchukua. Anayetoboa ukuta amekuja kukaa.

Na bado nilifurahi. Hilo sijamwambia mtu. Kwa majuma matatu nilikuwa nimeona nyuso za watu wanaonihurumia, na nilitaka kuona kitu kingine.

Fundi aliyeletwa ndiye anayetengeneza redio na simu karibu na soko. Alizunguka salo, chumba cha wageni tulimokaa, akigonga kuta kwa vidole. Ukuta mmoja una mlango wa nje na dirisha, mwingine una mlango wa chumba, na wa tatu ulikuwa nyuma ya mgongo wangu. Ulibaki ule ulionielekea. Shemeji alikuwa nje, amepanda juu ya bati akifunga plake.

Fundi alisema kutundika si kazi, kazi ni kupata urefu. "Mutu akikaa, macho yake inapashwa kuangukia katikati ya tele. Ukiweka juu, shingo itauma. Ukiweka chini, mugongo utauma. Sasa, mukae vile munakaaka siku zote."

Tulikuwa tumekwisha kukaa. Tulikuwa juu ya mikeka, wote, kama katika wiki zote tatu zilizopita. Fundi akanyoosha metre yake ya kupimia kutoka sakafuni mpaka kwenye macho ya shangazi, akaja kwangu. Mjane hainui uso mbele ya watu, kwa hiyo alipiga magoti na kuniomba ninyanyue kichwa kidogo tu. Nikanyanyua. Akaenda ukutani akachora alama ya mkaa, halafu akatoboa. Tofali bichi halishiki msumari, kwa hiyo alipitisha bulo ndefu nne, zile za kukaza kwa nati, mpaka nje na kuzikaza juu ya kipande cha ubao. Tele ikakaa imara. Kwangu mimi niliyekuwa chini, ilikuwa mahali pake kabisa.

Mlango ulikuwa wazi. Viti vyetu sita na meza vilikuwa uani, vimefunikwa turubai, na mimi nilikuwa naviona. Nilijua siku ya kuondoa matanga vitarudi ndani. Nilijua mtu wa kwenye kiti haoni vile anavyoona mtu wa chini. Ningeweza kumnong'oneza shangazi. Watu wakiniuliza leo nawajibu kwamba mjane hasemi mambo ya nyumba. Ni kweli, hasemi. Lakini kilichonifunga mdomo ni kingine. Niliwaza: viti vikishindwa kurudi, nitaendelea kukaa chini, na aliye chini haulizwi. Ni wazo la kitoto, naliona hata mimi. Lakini sikuwa na lingine, nikalishika.

Matanga yakaondolewa siku ya arobaini. Shangazi alinishika mkono, akaniinua, akaninyoa nywele, akautoa mkeka wangu nje. Katekista akaomba. Watu wakala. Kisha vijana wa jamaa wakarudisha meza na viti, wanaume wakakaa watazame mpira kidogo kabla ya mazungumzo, na tele ikapotea. Waliokaa mbele waliona nusu ya juu. Waliokaa nyuma waliona migongo ya wale wa mbele na miguu ya meza.

Jirani mmoja akainama mpaka kidevu kikagusa magoti. "Lakini hii tele walipimia kuku."

Walicheka sana, hata shangazi. Mwingine akajibu kwamba kuku wa nyumba hii wana bahati, wanaona mpira kuliko wenye nyumba. Shemeji hakucheka. Alitazama alama ya mkaa iliyobaki pembeni, kisha akanitazama mimi. Mwishowe wanaume wenyewe wakatoa viti nje tena na kuomba mikeka. Wakatandika. Nami nikakaa chini, pale pale pangu.

Mpira ulipokwisha, baba mkubwa wa marehemu alikohoa ili aanze. Akaniangalia. Nilikuwa nimeegemea ukuta ule ule, miguu nimeinyoosha vile vile, kichwa kimenyolewa. Akasema mkeka ni mkeka, hawezi kumwuliza mjane aliye chini, wangoje kidogo mpaka tele ipandishwe, viti virudi na nyumba ikae sawa. Wengine wakaitikia. Shemeji akasema fundi arudi kesho ainyanyue tele, lakini fundi alikuwa amepata kazi Salamabila, na yeye mwenyewe biashara yake ilikuwa inamngoja huko huko. Wakaondoka. Shangazi akabaki nami, kama desturi.

Hivyo nikapata majuma matano. Sijui niyaite nini. Asubuhi nilikwenda shamba, nikarudi na majani ya muhogo, nikapika. Lakini nikisikia pikipiki barabarani nilikuwa naacha kisu na kukimbilia mkeka. Pikipiki inapita, nasimama, narudi jikoni. Siku nyingine mara nne, mara tano. Shangazi alikuwa anaona yote. Binti yangu mkubwa alianza kukimbia pamoja nami, bila kujua tunakimbia nini, na tukifika chini alikuwa anawasha tele, kwa kuwa aliona ndiyo kazi ya mkeka. Tulitazama mahubiri, nyimbo, habari za Kinshasa. Miguu yangu ikafa ganzi. Nilianza kuogopa kusimama ndani ya nyumba niliyosaidia kuijenga.

Shemeji alirudi siku ya Mungu, baada ya misa. Nilikuwa nimekwisha kukaa. Nilitazamia abaki mlangoni kama siku zote, au atafute kiti na akose pa kukiweka. Alivua viatu. Akavipanga vizuri kando ya mlango, akaja akakaa juu ya mkeka wangu, akaegemea ukuta.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kiti kina mikono, kina mwisho wake. Mtu akiwa kwenye kiti chake na wewe kwenye chako, mna mpaka. Mkeka hauna. Na kwetu shemeji hakai mkeka mmoja na mke wa kaka yake, ila akisha kumrithi. Mimi mwenyewe ndimi niliyeiacha tele chini, nikamwondolea viti vyote, nikamwachia mahali pamoja tu pa kukaa.

Alitazama mpira kwa muda, mikono juu ya magoti. Shangazi alikuwa mlangoni akimenya karanga, na niliona vidole vyake vimesimama. Shemeji aliongea bila kunigeukia, kwa sauti ya kawaida.

"Shemeji, tuipandishe?"

Nilikunja miguu.

"Fundi amerudi. Ukisema ndiyo, kesho atakuja. Na mimi nitaleta vitu vyangu."

"Ukiipandisha, utakaa hapa?"

"Nitakaa."

"Basi uiache chini."

Shangazi akaweka kikapu cha karanga sakafuni.

"Amejibu," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeshuhudia kwamba mvua imenyesha.

Shemeji alibaki mpaka mpira ukaisha. Kisha akavaa viatu, akafunga kamba zake polepole, akamuaga shangazi. Mimi pia aliniaga.

Jamaa walikutana Jumatano, na safari hii walileta viti. Niliulizwa nikiwa nimesimama, nikajibu nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenifokea. Baba mkubwa alisema hawatanitoa kama mwizi, nikae mpaka shule zifungwe mwezi wa saba, halafu ndugu zangu waje kunichukua. Watoto watabaki. Nitaweza kuja kuwaona. Nyumba ni ya mdogo wa marehemu, naye atahamia na mke wake. Shangazi alilia kuliko mimi. Nilimwomba baba mkubwa angalau yule mdogo niende naye. Alisema mtoto hatenganishwi na dada yake.

Juma lililopita shemeji alimtuma fundi aje kuipandisha tele. Fundi alifungua bulo, akaishusha tele, akailaza juu ya kitanda chumbani, akabaki anatazama matundu manne. Kisha akaingiza kiti kutoka uani, akakiweka mbele ya ukuta, akaweka meza mahali pake.

"Mama, ukae tuone."

Nikakaa kwenye kiti. Alinyoosha metre kutoka sakafuni mpaka kwenye macho yangu, na safari hii hakuwa na haja ya kupiga magoti. Akatoboa juu ya matundu ya zamani, akatoka nje kukaza, akarudi, akatundika. Ilimchukua mpaka saa sita. Nilibaki kwenye kiti muda wote kwa sababu hakuniambia niondoke.

"Sasa? Iko sawa?"

Nilitazama. Macho yaliangukia katikati, shingo ikapumzika, meza haikufunika kitu.

"Iko sawa," nilisema.

Akafuta vumbi mikononi, akaomba maji ya kunywa. Nikampa.