Tope Lilipopungua Tangini

Mwanangu, kesho unaondoka kwenda kuchimba visima vya mvuke Bonde la Ufa, na kabla hujafunga mzigo nataka nikusimulie siku niliyonyamaza. Naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, ila mama yako asisikie.

Ilikuwa miaka ile kilimo cha miwa kilipopamba moto hapa Musanda. Mimi nilitoka kwenye boila ya kiwanda cha sukari, nikaenda huko Bonde la Ufa nikijiona bingwa wa mvuke. Nikapewa kazi moja tu, kuangalia tangi la tope. Tope hilo baridi husukumwa shimoni kupoza keekee, kile chuma kinachotoboa jiwe, na kuukandamiza mvuke, kisha hurudi tangini. Sasa jiwe la volkeno limejaa nyufa. Keekee ikikuta ufa mkubwa, jiwe linalinywa tope lote, na maji ya moto yaliyo chini, yakikosa wa kuyakandamiza, huchemka na kupanda juu.

Siku ya kwanza niliona tope limepungua, nikapiga kelele bure, kumbe ni bomba la tangi lililokuwa likivuja. Wenzangu walinicheka, wakaniita Mtu wa Miwa, hadi chakula kikanishinda. Basi kesho yake tope lilipopungua shibiri moja, nikafunga mdomo. Likapungua shibiri ya pili. Nikajiambia ni bomba lile lile.

Mara shimo likanguruma. Mzee Makokha, fundi wetu mkuu, mtu wa Navakholo, alitufukuza wote pale, akabaki peke yake kufunga valvu na kufungulia maji baridi. Alitoka mzima, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umebabuka hadi kiwiko. Nililia mbele za watu, wala sioni haya kukuambia.

Nilikuwa namwagia mkono ule maji, nikingoja anifute kazi.

"Uliona tope likishuka?" akaniuliza.

"Niliona, Mzee. Niliogopa watanicheka tena."

"Mimi wananichekanga kila wiki, kijana. Hili jiwe linadanganyanga hata mimi. Kesho rudi kwa tangi lako. Ukiona kitu, sema. Kama ni bure, tutacheka pamoja tuende tukule obusuma, ugali ya kwetu."

Nilirudi. Miaka yote niliyokaa pale nilipiga kelele za bure nyingi sana, na hakuna aliyeungua tena katika zamu yangu.

Basi mwanangu, ukiona tope linapungua, sema papo hapo, hata kama ni mara ya kumi na sauti inakutetemeka. Na mgeni akipiga kelele bure, usimcheke. Mkono wa Mzee Makokha niliuunguza mimi, lakini wale waliocheka walinisaidia kuuunguza.

Nenda salama. Mungu akutangulie, akurudishe Musanda na mikono yako yote miwili, na ya wenzako pia.