Mpishi Aliyekonda

Nilikuwa na banda la chakula Kariakoo, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi. Nilipika wali, maharage, mchicha na samaki niliyemfuata mwenyewe soko la Feri kabla jua halijapanda. Waliokula kwangu walikuwa wabeba mizigo, mafundi cherehani na wenye maduka ya jirani, watu wanaokula haraka na kuondoka bila kusifia. Na miaka yote hiyo nilikuwa navuta sigara. Sikuwa nikijificha sana. Wakishakula, nilizunguka nyuma ya banda, nikageuza ndoo na kuikalia, nikavuta pamoja na muuza vitenge mmoja wa duka la pili ambaye tulikuwa tukiazimana kiberiti. Mwanamke akivuta sigara mjini hapa husemwa, na mimi nilisemwa mpaka nikazoea.

Lakini walikula. Hilo nataka lieleweke kwanza. Nilikuwa na kikohozi cha kutisha, cha kuanzia tumboni. Kikinijia nikiwa napakua nilikuwa nageuza shingo, nakohoa kwenye khanga, nanawa mikono, naendelea kupakua. Hakuna aliyesukuma sahani. Hakuna aliyewahi kuniuliza, dada, kifua hicho umekipeleka wapi kikaangaliwe?

Niliacha kwa sababu ya jiko. Mkaa ulikuwa umelowa mvua, umegoma kushika, kipepeo cha jiko hakifui dafu. Nikainama kupuliza kama nilivyofanya maisha yangu yote. Pumzi ikakata. Macho yakaingia giza, nikakaa chini kwenye majivu, na mpishi asiyeweza kupuliza jiko lake mwenyewe ana haja gani ya kuendelea kujidanganya? Siku ile sikuvuta tena. Muuza vitenge alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Wewe? Wewe utaacha chai kwanza."

Kuacha ni kubaya kuliko wanavyosema, na wanaosema mara nyingi hawajawahi kuvuta. Ubaya wake ulikuwa saa za asubuhi, na chai, na tena baada ya wateja wa mchana kupungua, mikono inapobaki haina kazi. Mikono yangu ikajitafutia kazi. Ikaingia kwenye sufuria la wali ikabandua ukoko. Kila nilipotamani sigara nilitafuna ukoko, wa moto, wenye mafuta, wenye chumvi yake. Ukoko ukiisha, karanga. Karanga zikiisha, andazi lililolala.

Nikanenepa. Nikanenepa kweli, magauni yakagoma, pete ikabidi ikatwe na sonara. Na hapo ndipo mji mzima uliponipenda. "Mama, umenawiri!" "Umependeza, mambo yako yamenyooka!" Watu ambao hawakuwahi kunisalimia walisimama uchochoroni kunitazama kwa furaha, wanawake wakaniuliza natumia nini. Na banda likajaa. Mtu mgeni akipita akaona mpishi mnene ameshika upawa, moyo wake unatulia, anaona hapa kuna chakula. Sikuwahi kuuza kama nilivyouza miezi ile, na sikuwahi kuumwa kama miezi ile. Miguu ilikuwa inavimba. Kichwa kilikuwa kinagonga. Nesi wa zahanati alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akatazama, akafunga tena kama vile mashine imemtukana. Akaniambia nitafute mazoezi au nitafute mtu wa kunilelea watoto. Watoto wangu ni wakubwa, nilimwambia. Hakucheka.

Mtaani kwetu Ilala kuna kikundi cha kukimbia, kama ilivyo karibu kila mtaa wa Dar siku hizi. Wana fulana zao, wana filimbi, wana nyimbo za kuchokozana njia nzima. Nikaanza nao mwishoni mwa wiki, nyuma kabisa, natembea zaidi ya kukimbia, na waendesha bodaboda wananipigia kelele, "Mama, unamkimbia nani?" Nilikuwa nawajibu namkimbia baba yako. Baadaye nikaanza kutoka na siku za katikati ya wiki, na wanawake wawili wa jirani. Tulikuwa tunapita Mtaa wa Uhuru mpaka Mnazi Mmoja, tunazunguka, tunarudi wakati malori ya viazi na vitunguu yanashusha mzigo sokoni.

Nikagundua kitu ambacho nesi hakuniambia. Asubuhi niliyokimbia, sigara haikuja. Nilirudi nimelowa, kifua kinafunguka mpaka pembeni, na chai ilikuwa chai tu. Asubuhi niliyolala, mpaka saa nne nilikuwa nimeshasimama karibu na mtu anayevuta, nikijifanya natafuta chenji. Kwa hiyo wenzangu walikimbia kwa ajili ya kiuno, na mimi nilikimbia ili nisirudi kwenye ile ndoo nyuma ya banda. Wakati wa mvua wenzangu waliacha. Mimi nilitoka, nimejifunga mfuko wa nailoni kichwani, naruka madimbwi peke yangu. Watu wanauliza nilipata wapi moyo wa kuendelea. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa naogopa.

Basi mwili ukaanza kupungua. Kwanza miguu, kisha mashavu, kisha shingo ikatokeza mishipa. Presha ikashuka, nesi akafurahi, akaniita shujaa mbele ya wagonjwa wengine. Nilitoka pale nimebeba kifua mbele. Nilipofika bandani, mteja wangu wa siku nyingi, mbeba mizigo, alinitazama usoni, akatazama sahani aliyoishika, akauliza, "Dada, unaumwa?"

Nikamwambia nakimbia. Akasema, "Ahaa," ile ahaa ndefu ya mtu anayekuachia uongo wako.

Baada ya hapo ikawa ndiyo salamu yangu. Umekonda, una nini? Mbona umekwisha hivyo? Wengine walishusha sauti na kunishika bega. Jumapili moja nilitoka kukimbia nikiwa na furaha, nakumbuka vizuri, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimekwenda na kurudi bila kusimama hata pale kwenye taa. Nikaingia uani natweta, jasho linachuruzika. Nikakuta mikeka imetandikwa. Kikundi chetu cha kina mama kilikuwa kimekaa, wote wamevaa khanga za sare. Mbele yao kulikuwa na sukari, sabuni za kufulia, machungwa na juisi za boksi. Wamekuja kumwona mgonjwa.

Ndivyo tulivyo. Mwenzetu akilala kitandani tunachanga, tunakwenda, tunakaa naye. Na mimi nimekwenda mara nyingi, nimekaa kwenye mikeka hiyo hiyo nikitikisa kichwa. Sasa nilikuwa nimesimama mbele yao na raba za mazoezi miguuni, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mgonjwa gani huyu anayerudi mbio. Mwenyekiti wetu alinyanyuka akanikumbatia na jasho langu.

"Shoga yangu, kaa chini, usijichoshe," akasema. "Sisi ni wenzako. Usitufiche."

"Siumwi," nikasema. "Nimeacha sigara, nafanya mazoezi. Nyie si mnaniona napita?"

"Tunakuona, mwenzetu. Tunakuona sana." Akageukia wenzake, akainua viganja. "Haya, tumwombee."

Wakaniombea. Nikasimama pale katikati ya ua wangu, mzima kuliko nilivyowahi kuwa tangu ujanani, nikaitikia amina kwenye dua ya kuniombea nisife. Ningefanya nini? Nilikasirika mpaka meno yakauma, lakini huwezi kumfukuza mtu aliyekuletea sukari.

Ugonjwa wenyewe hawakuutaja, ila nilijua ni upi. Mji huu ukiona mtu mzima amekonda unajua jibu moja tu. Kariakoo wana namna yao ya kulisema: kakanyaga miwaya, yaani kaupata Ukimwi. Na wateja wakaanza kupungua. Hawakuondoka kwa kishindo. Mafundi cherehani walisema wanakula kwa mwenzao. Wabeba mizigo wakaanza kupita upande wa pili wa uchochoro, wamejitwisha, wanatazama ukutani. Samaki niliyemkaanga asubuhi nilimkuta jioni kwenye sinia vile vile, amekunja mkia.

Nikamwuliza muuza vitenge. Yeye tulikuwa tumekaa pamoja moshini miaka mingi, hakuwa na sababu ya kunipamba.

"Watu wanaogopa, dada," akasema, sigara mkononi. "Mpishi akikonda hivyo... unajua mwenyewe."

"Nimepimwa," nikamwambia. "Yote. Hilo wanalolisema, kifua kikuu, sukari. Sina kitu. Na hata ningekuwa nalo, haliliwi kwenye wali."

"Mimi nakuamini."

"Basi kaa nikupakulie."

Akatazama saa. Akasema mke wake siku hizi anamfungia chakula kwenye hotpoti, atajisikiaje akirudishiwa. Akapuliza moshi pembeni kwa adabu, usinifikie mimi niliyeacha. Nilitamani kumpokonya ile sigara niivute mpaka kwenye kichungi. Sijui ni nini kilichonizuia. Nadhani ni hasira. Nilirudi bandani nikaosha masufuria ambayo hayakuwa machafu.

Sikulitangaza lile jibu la vipimo. Niliwaambia watu wawili watatu, na mmoja wao akaniambia kwa upole kwamba siku hizi dawa ni nzuri, nizimeze tu bila kuacha. Hapo nikaelewa kwamba hakuna neno nitakaloleta likashindana na shingo yangu.

Kuna aliyempigia mama yangu simu Lindi. Sikuwahi kumjua ni nani. Mama alishuka stendi akiwa na kikapu cha korosho na kuku hai amefungwa miguu, akafika kwangu, akaniangalia kutoka mlangoni, hakuingia. Mama yangu alichukia sigara zangu kuliko kitu chochote duniani. Kwa sigara zangu alikuwa amewahi kukaa msimu mzima bila kuongea na mimi. Nilipompigia kumwambia nimeacha, alilia kwenye simu, akachinja, akawalisha majirani. Sasa alisimama mlangoni na kuku wake.

Nilikuwa na kaka. Aliondoka miaka ile ya zamani, wakati dawa hazijafika kwa watu kama sisi. Mama ndiye aliyemuuguza, peke yake, kwa sababu wengine tuliogopa au tulikuwa mbali. Alimwogesha, alimgeuza, alimwona akiisha kidogo kidogo. Mama haamini karatasi ya hospitali. Anaamini macho yake, na macho yake yalishaiona shingo hii.

Alinichinjia yule kuku, akanipikia, akakaa mbele yangu kuhakikisha nakula. Nikala. Nikamwelezea yote, jiko, ukoko, presha, Mnazi Mmoja. Nikamwambia nikiacha kukimbia nitarudi kuvuta, najijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Basi rudi, mwanangu," akasema.

Nikadhani sikumsikia.

"Rudi kwenye sigara zako. Vuta. Sitakusema tena mpaka naingia kaburini. Ulipokuwa unavuta ulikuwa na mwili, nilikuwa nalala nikijua nitatangulia mimi."

Hakuna aliyeniumiza hivyo, si wateja, si wale wa mikeka. Kwa sababu yeye hakuwa akisengenya. Angenipa sigara kwa mkono wake, angeniwashia, yeye ambaye moshi wa sigara ulikuwa unamfukuza nyumbani kwangu. Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Niliosha vyombo, nikalia jikoni, mama akijifanya hasikii.

Banda nimeliacha. Sasa nauza mkaa hapa hapa Ilala, kwa kopo na kwa gunia. Muuza mkaa hata akikonda hakuna anayeogopa. Wanajua mkaa wanakwenda kuuwasha wenyewe. Sigara sijarudia, na sisemi hivyo kwa kujisifu, maana kila mtu aliyenizunguka angefurahi zaidi kuniona mnene navuta kuliko mwembamba natweta. Siku nyingine nakimbia huku nawatukana wote moyoni, mmoja mmoja, kuanzia Uhuru mpaka Mnazi Mmoja, na ndiyo siku ninazokimbia vizuri.

Mama hajarudi Lindi. Anasema anasubiri kwanza aone. Asubuhi nikifunga kamba za viatu anaamka, anajifunga khanga, anakaa kizingitini, na nikirudi namkuta pale pale. Ananipa maji. Kisha ananishika mkono, hapa juu ya kiwiko, anauzungushia vidole vyake taratibu, na vidole vinakutana. Anauachia, anaingia ndani, na mimi nabaki nje nikisikiliza anavyohesabu tasbihi.