Kosa Alilolitaka Kaka Yangu

Kaka yangu ni fundi mwashi, na nusu ya nyua za mlima wetu hapa Makindye, Kampala, amezijenga yeye. Nusu ni chumvi yangu, lakini zamani ukitembea naye ungechoka: kila baada ya hatua chache anasimama, anaupiga ukuta wa mtu kofi, anasema, "Huu ni wangu." Nilikuwa namcheka. Namwambia, "Yaya, ipo siku wenye nyumba watakusikia wakutoze kodi." Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, mashariki ya Kongo, tulikotoka tukikimbia vita. Siku hizi tukipita njiani hasimami popote, na mimi simchokozi.

Ukuta mmoja alimjengea mzee mstaafu mwenye nyumba kubwa kwenye mteremko. Chini yake palikuwa na vyumba vya kupanga, na katika kimoja aliishi mama wa samaki. Ndivyo tulivyomwita wote. Alikuwa Muganda, mwanamke wa maneno machache, anayeteremka Ggaba, ziwani, alfajiri kununua samaki na jioni kuwakaanga kando ya barabara. Mimi nauza vitenge sokoni, si mbali na karai lake, na nilikuwa mteja wake wa kila siku. Alikuwa na binti mmoja tu. Akitoka shule, binti huyo alipitia kibandani kwangu kuokota vipande vya vitambaa vya kumvisha mwanasesere wake, na kila mara alichagua vile vikubwa ambavyo bado ningeweza kuvitumia. Nilimgombeza, naye aliniambia "Pole, mama," huku akiendelea kuchagua.

Ukuta ule ulikuwa wa kuzuia watu tu, haukujengwa uzuie kitu kizito. Baada ya kaka yangu kumaliza kazi na kuondoka, mzee aliamua kusawazisha ua wake apate mahali pa kuegesha magari. Akaita malori, yakamwaga udongo nyuma ya ukuta, ukapanda hadi kiunoni. Kaka yangu aliuona. Alikuwa anapita kwenda Kibuli, alikokuwa na kazi nyingine, akaona ukuta umeanza kuota kitambi. Akajisemea, nikirudi nitagonga geti nimwambie mzee. Jioni alirudi kwa bodaboda kupitia njia nyingine, amechoka. Kesho yake hivyo hivyo. Mtu yeyote anayefanya kazi za sulubu anajua kesho za namna hiyo zilivyo nyingi.

Mvua ilinyesha mchana, ile mvua ya Kampala inayogeuza barabara kuwa mto. Ukuta ulilala wote kwa mara moja juu ya jiko la mabati la mama wa samaki. Yeye alikuwa barabarani anafunika kuni zake. Binti alikuwa jikoni anasugua masufuria. Majirani walichimba kwa mikono na majembe, na walipomfikia hakukuwa na haja ya kukimbilia hospitali.

Kwetu kuna desturi. Kitu chako kikileta kifo katika nyumba ya mtu, iwe ng'ombe wako, mti wako, au hata moto uliouwasha shambani, unakwenda wewe mwenyewe kabla hujaitwa. Unakaa chini kwenye udongo, mlangoni kwa wafiwa, unasema, "Ni mimi." Basi. Huelezi. Anayeeleza mbele ya maiti tunamwona mtu ovyo, mtu anayetaka kujifuta matope kwenye sanda ya mwenzake. Wafiwa wakikutukana unanyamaza, wakikupiga unanyamaza, na siku wakikuambia uinuke unainuka.

Kaka yangu alipopata habari aliacha mwiko wake wa saruji Kibuli akaja moja kwa moja. Ua ulikuwa umejaa wanawake wanaoambiana "Kitalo, kitalo," ndiyo pole ya Waganda. Akapita katikati yao na buti zake zenye saruji, akakaa chini mbele ya mama wa samaki. "Ni mimi, mama," akasema. "Ni mimi nilijenga. Niliona inavimba, nikanyamaza."

Mama wa samaki alimtazama tu. Kabla hajafungua mdomo polisi wawili waliokuja kukagua ule ukuta walikuwa wamemsimamia kaka yangu.

"Wewe fundi, wewe mwenyewe iko nasema ni wewe?" mmoja akamuuliza.

"Ndiyo, afande."

"Hakuna mtu iko nakulazimisha?"

"Hakuna."

Yule polisi akamgeukia mwenzake, nusu amefurahi nusu haamini. "Andika," akasema.

Nilipofika kituoni nilikuwa nimewaka. Nilimwambia kaka yangu mambo ambayo dada mdogo hatakiwi kumwambia yaya wake. Nilimwuliza kama watoto wake wanne watakula desturi. Nilimwuliza kama anadhani yule mzee mwenye malori naye amekaa chini mahali fulani. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitia wazimu: "Dada, mzee atabeba yake. Mie nabeba yangu."

Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe. Tulipata wakili kijana anayewasaidia wakimbizi bila malipo, Muganda aliyewahi kuishi Nairobi, hivyo Kiswahili chake kilitiririka. Alitueleza taratibu, kama anayemfundisha mgeni njia. Sheria, alisema, haimtafuti mwenye huzuni kubwa kuliko wote. Inauliza, mtu huyu alifanya nini? Je, alichofanya ndicho kilichoua, au kuna jambo jingine lililoingia katikati? Na fundi mwangalifu, akiwa mahali pake, angefanya vingine? Ukuta ulikuwa mzuri kwa kazi uliyojengewa. Malori ya udongo ndiyo yaliyoingia katikati.

"Lakini niliona," kaka yangu akasema.

"Kuona si kosa, mzee wangu. Ua haukuwa wako, na kazi ulishaikabidhi. Sheria haikupi wajibu wa kugonga geti la mtu."

"Nani alinipa basi?"

Wakili alisema suala hilo si la mahakama. Nilimpenda kwa kutojifanya ana jibu.

Siku ya kusomewa shtaka mama wa samaki alikuwapo, amekaa benchi la nyuma na gomesi nyeusi, lile vazi refu la Waganda. Shtaka lilisomwa kwa Kiingereza, mkalimani akaligeuza kwa Kiswahili, hakimu akauliza kama ni kweli au si kweli. Wakili wetu alikuwa amemwelekeza kaka yangu cha kusema, na mimi nilikuwa nimemkumbusha mpaka koo likakauka. Akasimama, akamtafuta mama wa samaki kwa macho, akasema, "Ni kweli."

Roho yangu ilishuka mpaka kwenye kandambili. Lakini hakimu, mama mmoja wa miwani asiye na haraka, hakuandika. Alimwamuru mwendesha mashtaka aeleze tukio zima, kisha akamwuliza kaka yangu lipi kati ya hayo anakubali. Alikubali kwamba alijenga. Alikubali kwamba aliona udongo. Je, aliuweka yeye? Hapana. Aliambiwa auangalie ukuta baada ya kumaliza? Hapana. Alijua utaanguka siku ile? Hapana. Hakimu akasema maelezo hayo si ya mtu anayekiri kosa lililomo katika shtaka, akaandika kwamba mshtakiwa amekana.

Ungemwona kaka yangu. Nadhani hata angehukumiwa kifungo asingeshtuka vile. "Mie nimesema kweli," akaninong'oneza alipopita na askari, "wao wameandika si kweli." Aligeuka amwone mama wa samaki. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na mkalimani hakuwa na kazi ya kumweleza yeye.

Alipewa dhamana, akawa anakwenda na kurudi, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa tena. Mzee mwenye nyumba naye alikuwa ameshtakiwa katika kesi ile ile. Alikuja mara ya kwanza akitembea kwa fimbo, mara ya pili akishikwa mkono, halafu wakaja wanawe na cheti cha kifo. Ugonjwa aliokuwa nao siku nyingi ulikuwa umemmaliza. Hakimu akasema marehemu hashtakiwi, jina lake likaondolewa. Kwenye benchi la washtakiwa akabaki kaka yangu peke yake.

Nilidhani sasa watambebesha yote yeye. Hawakumbebesha. Mhandisi aliyeukagua ukuta alieleza kuhusu uzito wa udongo uliolowa maji, dereva wa lori akaeleza nani alimwita, na upande wa mashtaka ulipomaliza hakimu akasema hakuna kesi ya kujibu. Kwa hiyo kaka yangu hakuitwa hata kujitetea. Miezi yote ile alikuwa akingoja nafasi ya kusema alichokiona na kukinyamazia, na sheria ikamwachia kabla hajakisema. Wakili alimpa mkono. Mimi nilipiga kigelegele palepale, askari akanikemea, na sioni aibu hata leo. Ndugu yangu alikuwa anarudi kwa watoto wake, na ilikuwa haki.

Nje, penye ngazi, mama wa samaki alinishika mkono. Hatukuwa tumesemezana tangu mazishi. Karai lake nilikuwa nalikwepa, napita upande wa pili wa barabara na chakula changu cha maharage.

"Nnyabo," akaniambia, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "hakimu iko anasema nini?"

"Anasema kaka yangu si mwenye kosa, mama."

"Sasa nani?"

"Mzee. Udongo ulikuwa wa mzee."

"Mzee alikufa. Wanasema mtu alikufa hakuna kesi."

"Na ile mvua, mama. Mvua ilikuwa kubwa."

"Mvua si mtu," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama anayeuliza gari la kwenda kwao linasimama wapi. "Siku ile ndugu yako alikuja kwangu akakaa chini, alisema ni yeye. Mimi nilichukia yeye mingi, mingi sana. Lakini nilikuwa na mtu. Leo mtoto wangu, hakuna mtu alimuua."

Nilitaka kumweleza aliyotueleza wakili, yale maswali moja baada ya jingine. Nilikuwa nayo yote kichwani, yamepangika vizuri, na bado naamini ni maswali mazuri. Bila hayo kaka yangu angekuwa gerezani kwa udongo wa mtu mwingine. Lakini hakuna hata moja lililokuwa la kumjibu yeye. Nikasema tu, "Bambi, mama," neno la huruma la kwao, akaniachia mkono akaenda kutafuta usafiri.

Nilimwambia kaka yangu maneno yale jioni. Ningeweza kuyameza, ila sijaumbwa hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, na Jumapili baada ya kanisa hakukata kona ya kwenda nyumbani. Nilimfuata nikimwita, nikimwambia amekwisha kuachiwa, asijitafutie mengine. Aliendelea kutembea mbele yangu na suti yake ya kanisani.

Mama wa samaki alikuwa uani anaanika nguo. Mahali pa jiko palikuwa wazi, majani yameanza kuota. Kaka yangu alikwenda akakaa kwenye udongo na ile suti, mlangoni, kama siku ya kwanza.

"Ni mimi, mama," akasema. "Niliona inavimba, nikanyamaza."

Mama aliweka chini nguo aliyoshika. Alikuja akasimama mbele yake, nikajiandaa kuingilia kati, kwa maana sikujua kama atampiga au atawaita majirani.

"Sema tena," akamwambia.

"Niliona inavimba, mama. Nikanyamaza."

Mama wa samaki akakaa chini karibu naye, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake msibani, akaanza kulia kwa sauti, naye kaka yangu akalia. Mimi, niliyezunguka na kesi ile mpaka viatu vikaisha ili asipatikane na kosa, nilisimama kando ya kamba ya nguo nikimsikia mama akimwambia aseme tena, naye akisema.