Wifi Yangu Mtarajiwa Aliweka Picha Yangu Kwenye Tangazo la Msiba

Admin, nifichie jina, maana humu wamo ndugu zangu na watu wa kanisani kwetu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Sasa naishi Fittja, hapa Stockholm. Sijaolewa. Nafanya kazi katika ofisi ndogo inayotengeneza aplikesheni za simu.

Ofisini tuna programu ambayo hata mtu asiyejua lugha za kompyuta anaitumia kujitengenezea aplikesheni. Kazi yangu ni kuiongezea plagini, yaani vipande vinavyoipa uwezo ambao haikuwa nao. Mwenzangu, nimwite Devota, hutengeneza violezo, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa, zenye picha na maneno ya mfano. Wewe unatoa ya mfano, unaweka yako. Devota ni Mkongo wa Uvira. Tulisoma pamoja, nikamwombea kazi, na mimi ndiye niliyemkutanisha na mdogo wangu Elia. Leo ni mchumba wake.

Mwaka jana tulitengeneza mkusanyiko wa plagini na violezo kwa ajili ya makanisa na vyama. Mimi niliandika plagini ya kutuma tangazo kwenye simu za waumini wote kwa pamoja. Yeye akatengeneza violezo vya harusi, ubatizo, mkutano na msiba. Siku ya kuutoa kwa watumiaji, kwenye orodha ya waliouteneneza niliacha jina langu peke yake. Sikupitiwa. La kwake nililifuta.

Kwenye kikao aliniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Dada, mbona jina langu silioni?"

Nilimjibu kwa Kiswidi ili wote waelewe. "Violezo ni mapambo. Aliyepaka rangi hasemi kajenga nyumba."

Watu wakacheka. Devota naye akacheka, akainamia kompyuta yake. Sitawadanganya, nilisikia raha.

Wiki chache baadaye nikajisifu kwa binamu yangu Josiane, anayeshughulikia matangazo ya kanisa analosali mama yangu tangu arudi Bujumbura. Nikamtumia kiungo, nikamwambia ni kazi ya mikono yangu. Kulikuwa na mzee wa kanisa amefariki, kwa hiyo Josiane akachagua kiolezo cha msiba. Akiwa bado anajifunza, hajaufungua ukurasa wala kubadilisha picha na maneno ya mfano, akabonyeza kutuma.

Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Simu za wanakwaya zikalia zote pamoja. Kwenye tangazo kulikuwa na picha yangu na jina langu kamili, na chini yake maneno haya: "Amefariki ghafla huko Ulaya. Atazikwa huko huko."

Mama alianguka palepale. Kiharusi. Waliponipata kwenye simu na kusikia sauti yangu, viti vya matanga vilikuwa vimeshapangwa uani. Mama hakufa, lakini upande wa kulia umepooza na maneno yamekatika. Nikimpigia kwa video hufunika uso kwa mkono mmoja uliobaki, analia mpaka wazime. Daktari amemweleza, mchungaji amemweleza. Bado anaogopa kunitazama.

Nikafungua kumbukumbu ya mabadiliko pale kazini, inayoonyesha nani aligusa nini na lini. Picha yangu, jina na maneno yale viliwekwa na Devota, siku mbili baada ya kile kikao. Nikamfuata nyumbani kwake, mtaa wa Alby. Alikuwa anapiga pasi, hata hakuizima.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Ni mimi. Nilitaka uikute mwenyewe, uumie kidogo, kisha ningeitoa. Nikangoja siku, nikangoja wiki. Hukufungua."

"Umemuua mama yangu akiwa hai."

"Mama namlilia kila siku. Lakini wewe niambie, kazi yangu uliwahi kuifungua hata mara moja kabla ya kuwatumia watu? Ungeifungua ungejiona."

Sikuwahi kuifungua. Nikageuka niondoke.

Nilipofika mlangoni akasema, "Mwambie Elia ukitaka. Nami nitamwambia jina langu lilikwenda wapi na ulinicheka vipi."

Basi nimenyamaza, na ukimya wangu umempata asiye na kosa. Ukoo mzima unaamini ni Josiane aliyeweka picha na jina langu kwa uzembe. Kanisani amenyang'anywa kazi, na shangazi zangu hawapokei salamu yake. Yeye mwenyewe anadhani alibonyeza mahali fulani, picha na jina langu vikachukuliwa kwenye simu yake. Wiki iliyopita alinipigia akilia. "Dada, nisamehe, sijui nilifanyaje." Nilikuwa najua kila kitu. Nikamwambia, "Mungu atakusamehe," nikakata simu. Neno hilo linanitafuna kuliko yote niliyowaandikia.

Harusi ya Elia ni mwezi ujao. Ananiambia hajaona mwanamke mwenye moyo kama Devota, jinsi anavyofunga na kumwombea mama. Jumapili, mbele yake, Devota akanishika mikono na kuniomba niwe mpambe wake siku ya harusi. Elia akafurahi mpaka machozi yakamtoka. Nikaitikia.

Nikisema, namvunja mdogo wangu, na ukoo utajua kwamba chanzo ni mimi. Nisiposema, nitasimama madhabahuni nikimshikia maua, na Josiane ataishi na dhambi ya watu wawili. Ndugu zangu, nitukaneni kama mnaona nastahili, ila mkimaliza mnishauri. Nifanye nini?