Mtoto Amekoma

Mimi ni mwoga, na uoga wangu ulianza siku binti yetu alipozaliwa. Kabla ya hapo niliweza kumshika fahali pembe nikamdunga sindano huku mwenye fahali amekimbilia nyuma ya ua. Mtoto alipofika nikageuka mtu wa kuchemsha kijiko mara mbili, mtu wa kuficha vifungo vya shati. Binti akilala muda mrefu namtekenya nyayo mpaka alie. Mke wangu alisema siku moja nitamuua mtoto kwa kumwamsha. Alikuwa akinitania, lakini neno hilo halikunitoka wiki nzima.

Mke wangu ni mwalimu kule Kaptagat. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, ikabidi tutafute mtu wa kukaa na mtoto mchana. Nyanya zake wote wawili wako mbali, kwetu kando ya ziwa, na sisi tumepanga Kiplombe, nje kidogo ya Eldoret, kati ya mashamba ya mahindi na nyumba mpya za mabati. Tuliyempata ni jirani, mama mmoja aliyehama kutoka upande wa Mlima Kenya akiwa bado msichana, akaja huku na mumewe kulima viazi. Baadaye wakafungua duka mbele ya nyumba, na mume alipofariki akabaki nalo peke yake. Amelea watoto sita, na wajukuu ambao hata yeye huwachanganya majina. Mke wangu alimpenda papo hapo. Mimi pia nilimpenda, ila sikumwamini, kwa sababu siku hizo sikumwamini mtu yeyote, nikiwemo mimi mwenyewe.

Ilikuwa Julai, na anayeijua Eldoret anaijua baridi ya Julai. Binti alikuwa na mafua. Daktari alikuwa amempima akasema kifua ni kizuri, mafua tu, yataisha yenyewe. Nilimsikia vizuri sana, kisha nikarudi nyumbani nikaendelea kuogopa.

Asubuhi ya kwanza nilimpa mama yule maagizo. Akikohoa sana, nipigie. Akikataa uji, nipigie. Akilala kupita kiasi, nipigie. Alinitazama kama mteja anayerudisha mkate aliokwisha kuuma.

"Baba, enda kazi," akasema. "Wewe ndio mgonjwa hapa."

Kazi yangu ni kwenye agroveti mjini, kuuza mbegu na dawa za mifugo. Mchana huo nilikuwa nikimweleza mkulima mmoja jinsi ya kuchanganya dawa ya kupe, simu ikaita. Ni yeye. Alikuwa ananong'ona, na mama yule hanong'oni kamwe. Hata salamu huzitupa kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara.

"Baba," akasema, "mtoto amekoma."

"Ati?"

"Amekoma. Amekoma kabisa. Nimejaribu kuamusha yeye akule uji, amekataa kuamka."

Kisha simu ikakatika.

Mimi neno hilo nalijua kwa maana mbili tu. Kukoma ni kuisha, kufika mwisho. Na koma ni ile ya hospitali, mtu amelala kati ya mashine, haamki, na jamaa wanaambiwa waendelee kuomba. Nilizipima zote mbili nikitafuta iliyo nafuu. Nikaomba, nimesimama hapo na chupa ya dawa ya kupe mkononi, kwamba binti yangu awe katika koma.

Nikapiga. Ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, nikaambiwa mteja hapatikani. Mke wangu sikumpigia. Ningemwambia nini, na yeye yuko mbele ya darasa zima? Mkulima aliniuliza kama ni habari mbaya. Niliiacha chupa juu ya kaunta nikatoka mbio na koti langu jeupe la kazi.

Nilirukia bodaboda ya kwanza niliyoiona. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza, ile yetu inayokuja na mawe, na mwenye pikipiki alitaka tungoje ipungue. Nikamwambia mtoto wangu anakufa. Nilikuwa sijalisema neno hilo kwa sauti bado, na lilipotoka mdomoni likawa kweli.

"Shika vizuri, mkubwa," akasema, akaondoka kabla sijakaa sawa.

Njia nzima akili yangu ilifanya kazi kuliko ilivyowahi kufanya shuleni. Iliniuliza tutamzika wapi. Ikaniuliza nani atamwambia mama yangu. Mawe ya mvua yalinipiga usoni na sikuyasikia. Nilimkasirikia mama yule, nikamkasirikia daktari na mafua yake tu, nikamkasirikia mke wangu kwa kurudi kazini. Nikamkasirikia na Mungu kidogo, kisha nikaogopa, nikamwomba msamaha harakaharaka asije naye akakasirika.

Duka lilikuwa limefungwa. Wanawake wawili walisimama chini ya mabati na vikapu vyao, wakiutazama mlango.

"Hata sisi tunashangaa," mmoja aliniambia. "Hii duka haifungwangi. Ilifungwa tu ile siku mzee wake alikufa."

Nilizunguka nyuma nikiushika ukuta, nikasukuma mlango wa nyumba bila kubisha. Ndani kulikuwa na giza, mapazia yameshushwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda, mikono mapajani, kimya, kama watu wanavyokaa na maiti. Binti yangu alikuwa amelala chali, amefunikwa leso mpaka kidevuni. Hakutikisika.

Nilimnyakua. Shingo yake ililegea, kichwa kikaniangukia begani, nami nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Ndipo akajikunja, akavuta hewa, akalia. Alilia kwa ghadhabu ya mtu aliyedhulumiwa, kamasi zikimtoka, na sijasikia kitu kizuri kama hicho maishani mwangu. Nikakaa sakafuni na nguo zangu zilizolowa, nikalia pamoja naye.

"Ngai!" mama aliruka kutoka kwenye kigoda. "Baba, unaamusha mtoto ya nini? Nimebeba yeye mgongo tangu asubuhi ndio akome!"

"Akome?"

"Alale! Si nilikuambia amekoma? Kwani nyinyi mnasema aje?"

"Kwetu ziwani kulala ni nindo," nikasema, kama mjinga.

Katika lugha ya kwao, kukoma ni kulala. Miaka yote hiyo Kiplombe, Kiswahili chake bado hutembea kimeshikana mkono na Kikuyu. Binti alikuwa amesumbuliwa na pua iliyoziba mpaka usingizi ukamshinda, akakataa kuamkia uji, na mama, akiona heri amwache alale, akanipigia kama nilivyomwagiza. Alinong'ona asimwamshe. Nilipompigia tena, akaikata simu, kisha akaizima. Na wateja walipozidi kugonga wavu wa duka kwa sarafu, akawafungia nje.

Alinipokonya mtoto akamfunga mgongoni, akazunguka chumba akiimba wimbo wa kanisani kwa puani. Binti alilalamika kidogo, kisha akanyamaza, kichwa kikaegemea upande. Mama akamlaza tena. Akanipa taulo, akamimina chai, tukakaa hapo tukinywa.

Mwishowe nikamwambia nilichosikia kwenye simu.

"Mama, mimi nilijua amekufa."

Nilingoja acheke. Huyu ni mtu anayecheka hata katikati ya mahubiri, na mimi nilikuwa tayari kuchekwa, nilikitaka kicheko hicho. Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akainuka akishika kiuno, akaenda kitandani. Akainama juu ya binti yangu, akaweka mgongo wa mkono mbele ya pua zake, akangoja. Mimi nilibaki nimeshika chai yangu, nisithubutu kumeza.

"Anapumua," akasema.

Lakini mkono hakuuondoa.