Rubani Aliyegeuza Uso

Mume wangu ni rubani. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe husema hivyo, tena mbele ya wageni, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba yetu hapa Mugumu, suruali imekunjwa hadi magotini. Jina lake Erasto, mtaani wanamwita Baba Eunice, na ndege anayoirusha ina ukubwa wa kuku aliyetanua mabawa. Kibali cha kuirusha anacho, ameking'ang'ania kuliko cheti cha ndoa.

Kabla ya urubani alikuwa mkulima kama watu wengine. Tulikuwa na maksai wawili wazuri, na majirani walikuwa wakija kuwaazima. Siku moja akaona droni inapiga picha kwenye harusi huko Tarime mjini, akarudi nyumbani hana usingizi. Maksai wakauzwa. Mimi nikapewa jembe la mkono na ahadi kwamba picha za harusi zitatulimia. Sikatai, zilitulimia kidogo. Watu wa huku wanapenda kuonekana kutoka juu, hata kama kinachoonekana kutoka juu ni mahema na vipara. Ada ya Eunice na mafuta ya kupikia vilitoka huko angani. Ndiyo maana, pamoja na mdomo wangu wote, nilikuwa naiombea ile droni kanisani. Ikifa, tungekuwa watu wasio na maksai wala ndege.

Shida ya ndege hii ni moja: haitaki maji. Na sherehe za huku hazijawahi kumwuliza mtu kuhusu mvua. Basi Baba Eunice akajifanya daktari wake. Alitazama video kwenye simu, watu wa mbali wakieleza namna ya kuikinga droni isilowe, na kwa kuwa Kiingereza chao kilikuwa kinakwenda mbio, alishika alichoweza kushika. Kwanza aliipaka mafuta ya kukamulia kwenye maungio yote. Ikang'aa vizuri, inzi wakaipenda. Kisha akapita kwenye maduka ya viatu akiomba vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya viatu vipya, akavijaza kwenye begi lake. Wenye maduka walidhani anavila.

Mwisho alikwenda kwa fundi Vedasto akaishoneshea koti. Koti lilitoka kwenye mwavuli wangu, na naomba ieleweke kwamba mwavuli ulikuwa mzima. Lilikuwa na matundu ya miguu, tundu la kamera, na matundu ya kupumulia, maana ndege hii ikivalishwa kupita kiasi inapandisha joto. Chini lilifungwa kwa kamba. Msimu ule mwanangu alikwenda shule na mfuko wa nailoni kichwani, na droni ikaenda harusini na koti la fundi.

Lakini nimpe haki yake, kanuni moja aliishika kama amri ya Mungu. Alisema koti ni la manyunyu ya bahati mbaya tu, si ruhusa ya kuruka kwenye mvua.

"Mama Eunice," alikuwa akiniambia, "kinga ya mvua ni kushuka kabla haijafika. Jicho lisitoke kwenye wingu."

Nilikubaliana naye kabisa. Wakati wa kulala pia nilikubaliana naye, ili ninyamaziwe.

Sasa lazima niseme jambo la kwetu Wakurya, kwa faida ya wale wanaokaa meza moja na wakwe zao. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hakanyagi nyumbani kwake, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Si ugomvi. Ni heshima, na jinsi anavyokuheshimu ndivyo anavyokukimbia. Kwa kipimo hicho mume wangu na mama yangu Waisiko wanaheshimiana mno. Miaka yote hii ya ndoa, sidhani kama Baba Eunice anaweza kumtambua mama yangu kwa sura. Anamtambua kwa kikohozi.

Kwa hiyo mdogo wangu Boke alipoletewa ng'ombe wa mahari nyumbani kwetu Gorong'a, na Baba Eunice akaombwa apige picha, alifurahi kupita kiasi. Alisimama nje ya uzio wa minyaa, karibu na zizi, akairusha ndege kutokea huko.

"Mura, wewe ndiyo mkwe wa kisasa," kaka yangu Simioni akamwambia. "Unaingia bila kuingia."

Rubani akavimba kichwa, ndege ikapaa.

Asubuhi ile jua lilikuwa kali. Ng'ombe waliingia na vijana wa upande wa bwana harusi, nyimbo juu, droni juu zaidi. Ndama mmoja aliiogopa, akavunja uzio, akakamatwa kwenye mihogo ya jirani. Kisha wageni wakaingia kwenye hema mbele ya nyumba, muziki ukafunguliwa mpaka mwisho, na mimi na shangazi zangu tukaanza kugawa ugali na nyama. Baba Eunice akataka picha moja ya mwisho, boma lote kutoka juu. Akaipeleka ndege nyuma, kwenye ua wa mama.

Kwenye kioo cha rimoti akaona mwanamke anatoka mlangoni. Akajua ni mama mkwe, kwa kuwa nyumba ni yake. Hilo alilivumilia. Alijiambia kwamba kutoka juu kichwa cha mtu ni kichwa tu. Kisha yule mama akashika kanga aliyojitanda mabegani, akaivua.

Hapo rubani akageuza uso. Hakugeuza macho tu, aligeuka mwili mzima. Akaelekea zizini, akaikumbatia rimoti kioo kikiwa kifuani, akasubiri mama mkwe amalize shughuli zake na kujisitiri. Ndege akaiacha angani ijilee. Anasema aliwatazama ng'ombe wa Boke kwa makini sana, mmojammoja, na wingu lililokuwa linapanda nyuma ya kilima lilikuwa mgongoni kwake. Mtu wa jicho lisitoke kwenye wingu!

Mvua ya Gorong'a haipigi hodi. Ilipomshika shingoni, tayari ilikuwa imeishika na ndege. Koti likaloa, upepo ukaingia kwenye yale matundu ya kupumulia, likavimba, na mapangaboi ya ndege yakaanza kulia sauti ya kuchoka. Akabonyeza kitufe cha kushuka bila kutazama, maana kutazama kulikuwa na hatari ya kumwona mkwe. Ndege ikashuka kwa utaratibu, ikatua katikati ya ua wa mama, ikaegemea ubavu kwenye dimbwi. Taa zilikuwa bado zinawaka.

Yaani ilikuwa hai. Mwenyewe alikuwa ananihubiria kila siku kwamba droni ikilowa, ukiitoa majini upesi na kuchomoa betri, inaweza kupona. Kutoka kwenye mlango wa uzio hadi pale dimbwini hata kilema angefika. Lakini mama alikuwa amerudi ndani, na mlango wake ulikuwa wazi, na mlango ule unatazamana na mlango wa uzio.

Baba Eunice akakohoa kumjulisha kwamba yupo. Mama aliposikia kikohozi cha mkwe, akajua hatakiwi kutoka. Akakohoa na yeye, kumjulisha kwamba amesikia. Mkwe aliposikia kikohozi, akajua hatakiwi kuingia. Mama akasubiri apite zake. Mkwe akasubiri mlango ufungwe. Na kwa kuwa watu wawili wenye adabu hawawezi kukaa kimya tu, akaamkia, mgongo ukiwa umeelekezwa kwenye uzio.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko Mugumu?"

"Hatujambo, mama."

"Watoto?"

"Wazima kabisa."

"Eunice anasoma?"

"Anasoma vizuri, mama."

"Na mahindi yenu?"

Mahindi yetu, niliyoyalima mimi kwa mkono, yalikuwa yamedumaa.

"Yamestawi, mama."

"Na mvua ndiyo hii. Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru sana, mama."

Huyo ni mtu ambaye maisha yake yote yanakunywa maji nyuma yake, na anamshukuru Mungu kwa mvua. Usimcheke haraka. Salamu za mkwe hazikatizwi, na mama mkwe hatumwi kitu. Kumwambia "mama, niokotee hiyo" kungekuwa aibu ambayo Simioni angeisimulia kwenye misiba. Alimpigia Simioni simu, muziki ukaimeza. Alinipigia mimi, na simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa unga.

Nilifika kwa sababu ya chumvi. Nilikuja mbio kuichukua kwa mama, sinia kichwani kujikinga na mvua, nikamkuta mume wangu amelowa chapachapa, ameelekea zizini, rimoti ndani ya shati. Nikachungulia kwa mama, nikamkuta amesimama ndani, ameelekea ukutani. Na katikati yao, dimbwini, droni inakonyeza taa moja.

Nilitupa sinia.

"Toa betri!" Baba Eunice akapiga kelele kwa ng'ombe. "Usiiwashe! Toa betri!"

Betri ilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa limefungwa kwa kamba ya Vedasto, na kamba ikilowa haifunguki. Nilivuta, nikang'ata kwa meno, nikamlaani Vedasto na ukoo wake. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya nyama. Kabla fundo halijalegea, ile taa ikazimika mikononi mwangu. Lile koti lilikuwa linaikinga kweli. Liliikinga na mimi.

Tulirudi Mugumu na droni ndani ya sufuria, imefunikwa. Mchele wa kuikaushia hatukuwa nao, akaizika kwenye gunia la ulezi, kwa kuwa aliona kwamba nafaka ni nafaka. Punje zikaingia kila mahali palipokuwa na tundu, akakaa akizidokoa kwa sindano, taratibu. Siku aliyoona imekauka, alivaa shati safi. Akaweka betri. Akabonyeza. Taa ikawaka mara moja, ikazima, na haikuwaka tena hata alipobonyeza mpaka kidole kikawa chekundu.

Alilia. Mwanamume aliyesimama jandoni bila kupepesa jicho alilia mbele yangu kwa ajili ya kitu cha plastiki. Mimi niliyekuwa nimeandaa maneno tangu Gorong'a, tena makali, nikamsogezea kanga yangu afute uso. Nilimwonea huruma.

Kilichopona ni ile kadi ya picha iliyokuwa tumboni mwa droni. Boke alikuwa anataka video yake, kwa hiyo tuliiweka kwenye simu tukaanza kutazama pamoja kitandani. Ng'ombe wakaingia, ndama akakimbilia mihogo. Ikafika kwenye ua wa mama. Mlango ukafunguka, na kabla sijamtambua ni nani, Baba Eunice alikuwa ameshageukia ukutani.

"Endelea tu," akasema. "Utaniambia."

Basi nikamtazama mama peke yangu. Alitoka akiwa amevaa ile blauzi ndefu ya kitenge niliyomshoneshea mimi, mikono hadi kwenye viganja. Alitazama kilima. Akainua uso, akatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera. Akavua kanga mabegani, akaipunga juu ya kichwa chake kwa nguvu. Akanyoosha mkono kilimani, akaonyesha chini, hapo uani, akapunga tena. Alipunga muda mrefu, mama yangu na magoti yake mabovu. Matone yakaanza kushika kioo. Ardhi ikapanda. Kipande cha mwisho, picha imelala upande, unamwona anarudi ndani bila haraka, anajitanda kanga yake, na uso wake umeridhika.

Nikampigia simu, nikaweka spika.

"Mama, siku ile ulikuwa unaipungia ndege?"

"Eeh. Niliona wingu baya, na mwenyewe siwezi kumwendea. Nikamwonyesha ashushe hapa kwangu." Akacheka. "Akanisikia, mwanangu Wegesa. Akashusha palepale. Nimewaambia wenzangu wote, nina mkwe msikivu. Na ndege yake, haijambo?"

Nilimtazama mume wangu. Mgongo wake haukutikisika.

"Mwambie haijambo," akanong'ona kwa ukuta.

Mimi ni mtu wa kusema. Wote wanaonifahamu wanalijua hilo.

"Haijambo, mama," nikasema. "Anakushukuru sana."